GT ya Ukweli Haisomwi kwa Beji

Wasee wa kupenda moti za kitambo mnajua vile huwa. Mustang ya sixties ikitokea mahali, macho inakimbia kwa beji kwanza. GT iko hapo kwa fenda, inang'ara, na mbogi yote inatoa simu kupiga picha. Mimi hiyo beji ndio kitu ya mwisho nacheki. Zinauzwa mpya kwa katalogi za spea, na kuibandika si kazi. Mwaka wa moti na levo yake ziko kwa chuma, na ningependa kila msee anayedai kubonga Mustang ajue kuisoma.

Tuanze na mwaka, juu hapo ndio watu huingizwa box. Mustang ilizinduliwa 17 Aprili 1964, kwa maonyesho ya dunia ya New York. Zile za miezi ya kwanza wasee wanaziita "64 na nusu", lakini kwa vitabu za Ford mwaka kama huo haukuwa. Zote ni za 1965, na namba ya chasis inaanza na 5. Ukitaka kujua kama ni ya mapema kweli, washa swichi ucheki dashi. Taa ya chaji ikiwa imeandikwa GEN, moti ilitoka na dainamo. Ikiwa ALT, hiyo ni altaneta, na Ford waliingia nayo kutoka Agosti 1964 hivi. Fungua boneti pia: honi za zile za kwanza zimefungwa nyuma ya radieta.

1965 na 1966 ni mapacha, lakini kuna alama. Grili ya 1965 ni wavu kama masega, na kuna vyuma zinatoka kwa farasi zikienda kushoto, kulia, juu na chini. 1966 ya kawaida hizo vyuma zilitolewa, farasi akabaki anaelea peke yake. Spidomita ya 1965 ya kawaida ni ndefu, imelala, walikopa kwa Falcon. 1966 zote zikapewa geji tano za duara. Lakini kaa rada: 1965 ya GT au ya interior ya kifahari, ile wasee wanaita Pony juu ya farasi waliochorwa kwa viti wakikimbia, nayo ilitoka na geji tano. Na GT ya 1966 ilibakiza vyuma za grili za kushika taa za ukungu. So ukitumia alama moja pekee utapotea.

Sasa ile tamu, namba yenyewe. Chukua 5F08F100001. 5 ni mwaka, 1965. F ni kiwanda cha Dearborn. Ingekuwa R ni San Jose, T ni Metuchen kule New Jersey. 08 ni ya kufunua paa, 07 ni paa ngumu, 09 ni ile paa yake inateremka hadi buti. F ya pili ni injini, V8 ya 260. Halafu mfululizo, na kwa Mustang ulianza na 100001. Yaani hiyo ni namba ya kwanza kabisa! Dila wa St. John's, Newfoundland, Canada, alimuuzia rubani anaitwa Stanley Tucker kabla Ford washtuke kwamba haikufaa kuuzwa. Ilibidi wamsubiri hadi akakubali kubadilishana na Mustang namba milioni moja na moja, na saa hii ya kwanza iko kwa jumba la makumbusho la Henry Ford, Dearborn.

Herufi ya tano, ile ya injini, ndio inashika GT feki. Ford walileta kifurushi cha GT Aprili 1965, na kiwandani kilifungwa kwa injini mbili tu: A, ile 289 ya kabureta ya midomo minne, nguvu za farasi 225, na K, 289 kali ya 271. Basi. Msee akikuonyesha GT ya 1965 na namba inasoma 5R07C, hiyo C ni 289 ya midomo miwili. Inaweza kuwa na taa za ukungu, mistari ya chini ya milango, na egzosti mbili zimetokea kwa bati la chini ya bampa ya nyuma, na bado kiwanda hakikuitoa ikiwa GT. Ni moti fiti, lakini bei ya GT usilipe.

Kwa mlango wa dereva kuna kibati kimepigwa riveti. Kikisema 65A ni paa ngumu ya interior ya kawaida, 65B ni ya kifahari. Tarehe iko hapo pia: 14K ni 14 Oktoba. Kwa moti ya 1965 hiyo ni Oktoba 1964, miezi kadhaa kabla GT iingie soko, so hapo beji imejibiwa. Shida ni kwamba kibati kinaweza kutengenezwa upya. Kilinganishe na namba iliyogongwa kwa chuma ya ndani ya fenda ya kushoto, chini ya boneti, na ucheki kama chuma hiyo imewahi kukatwa na kuchomelewa.

Hii kusoma namba imeokoa moti kubwa. Huko Mexico, msee alikuwa na Mustang ya 1968 imechakaa, anataka kuigeuza Eleanor ya sinema. Walipofuata namba wakapata 8R02S125558: 1968, San Jose, paa la mteremko (mwaka huo 02 ndio ile 09 ya 1965), injini ya 390, moja ya zile mbili za sinema ya Bullitt. Mwenzake, yenye namba inayofuata, iliuzwa Florida Januari 2020 kwa dola milioni 3.74. Kwa moti za 1967 kuendelea, Kevin Marti ana rekodi za Ford na anaweza kukuambia moti ilitoka na nini. Za 1965 na 1966 hazimo, so hapo ni wewe na chuma.

Na kwetu Nai kuna ya ziada. Ford hawakutoa Mustang ya usukani wa kulia kiwandani hadi modeli ya 2015. Ya sixties ukiipata ya kulia, kuna fundi aliihamisha, na akishakata dashi, zile geji na taa ya GEN huenda si zake tena. Namba ya fenda ya kushoto haikuwa na sababu ya kuguswa. Ukienda kuicheki beba tochi na kitambaa, futa grisi hapo kwanza kabla bei itajwe.