Pumzi Inayopotea Kwenye Lori la Miwa

Msimu wa kuvuna ukifika, barabara ya Kakamega kwenda Webuye haipumziki. Malori na matrekta yenye trela hupita Malava usiku na mchana, mengine yakielekea kiwanda cha Butali, mengine West Kenya kule Kabras. Muwa ukishakatwa huanza kupungua uzito na utamu, na gharama ya kuusafirisha hukatwa kwenye malipo ya mkulima. Kwa hivyo lori linalotambaa mlimani likitapika moshi mweusi linamhusu dereva, mwenye gari, na pia mama aliyelima ekari yake moja na kungoja malipo hayo mwaka mzima na zaidi.

Likifikishwa gereji, mara nyingi hukumu hutolewa mapema: turbo imekufa. Mwenye lori anajikamua, anatafuta nyingine, inafungwa, kisha moshi unabaki vile vile. Turbo ya kwanza haikuwa na neno. Hewa ilikuwa inatorokea kwenye hozi iliyopasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo na tochi. Naandika haya kwa sababu pesa nyingi za watu wa kawaida zinapotea namna hii, ilhali kipimo cha kuliepusha jambo hili ni cha bei ndogo na kinaweza kufanywa na fundi yeyote mwenye kompresa ya kujazia tairi.

Turbo hutumia moshi wa ekzosi kuzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine lililo upande wa pili wa shafti ileile. Hilo la pili huvuta hewa kutoka kwenye ea klina, yaani kichujio cha hewa, na kuishindilia kuelekea injini. Mzunguko huo waweza kupita mara 100,000 kwa dakika. Hewa iliyoshindiliwa hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwenye intakula ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda. Kutoka turbo hadi injini kuna mabomba, hozi za mpira na klampu, na kila kiungo ni mahali ambapo pumzi inaweza kutoroka.

Huku kwetu magharibi suala hili lina uzito wa ziada. Malava iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye turbo hujifidia, lakini kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905, na mwaka 1918 Sanford Moss, Mmarekani, aliipandisha injini ya ndege yenye turbo hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuthibitisha kwamba inaweza kuhifadhi nguvu zake kwenye hewa nyepesi. Sasa toboa hozi ya lori lililoko juu namna hii: turbo ambayo tayari inafanya kazi ya ziada inalazimika kukimbia zaidi ili kufidia kinachovuja. Ndivyo tundu dogo lisilotibiwa linavyoweza kuiua kwa kweli ile turbo iliyosingiziwa kufa.

Dalili zenyewe hazifichiki kwa anayesikiliza. Nguvu hupungua gari likiwa na mzigo, mafuta yanakwisha haraka, na mluzi au mfoko wa hewa husikika dereva anapokanyaga. Injini za zamani hutoa moshi mweusi kwa kuwa dizeli inaingia ya kutosha lakini hewa haitoshi kuichoma. Injini mpya zenye sensa huweza kutotoa moshi mwingi, kwa maana kompyuta hupunguza mafuta na gari likawa zito tu. Lakini gari likisimama na injini ikiunguruma polepole, turbo haishindilii hewa ya maana, hivyo tundu hunyamaza. Fundi anayesikiliza gari lililoegeshwa na kusema halina tatizo hajapima chochote.

Kipimo chenyewe ni hiki. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ondoa bomba linalotoka ea klina na uzibe mdomo wa turbo kwa kifuniko. Wengi hutumia kifuniko cha bomba la plastiki kutoka duka la vifaa vya ujenzi, wakakitoboa na kufunga valvu ya tairi. Bomba la kupumulia injini likiwa limeungwa hapo, nalo lizibwe. Kisha jaza hewa polepole, ukianzia paundi 5 na kuongeza hadi 15 hivi, bila kupita kiwango ambacho injini yenyewe hufikia ikiwa kazini. Simama pembeni, kwa sababu kifuniko kikifyatuka hutoka kwa nguvu ya kuvunja meno. Halafu nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila hozi, na kingo za intakula pale plastiki inapokutana na alumini. Povu litakuonyesha. Hewa kidogo ikisikika kwenye kifuniko cha oili usishtuke. Hiyo hupenya kupitia valvu zilizo wazi na ringi za pistoni.

Kuna tundu lingine ambalo naliogopa kuliko yote, nalo ni lile lililo kati ya ea klina na turbo. Hapo hewa haivuji nje. Inavutwa ndani, pamoja na vumbi jekundu la njia za mashambani. Gari halipotezi nguvu mara moja, halipigi mluzi, na mwenyewe huenda akajisifu kwamba amebadilisha kichujio. Wakati huohuo vumbi linasaga mapanga ya turbo, kisha silinda na ringi. Pitisha kidole ndani ya bomba hilo. Ukikuta vumbi, usiwashe injini tena kabla ya kujua limepita wapi.

Kuhusu matengenezo, ukanda wa tyubu uliofungwa kwa waya hukufikisha nyumbani, si zaidi. Oili kidogo ndani ya mabomba haya ni kawaida, lakini hulainisha mpira na kufanya hozi iteleze, hivyo safisha kwa sabuni ya kuondoa grisi na ukaushe kabla ya kufunga. Klampu ikae nyuma ya ukingo wa bomba, na isikazwe hadi ikakata mpira. Intakula ya alumini iliyopasuka inahitaji mchomeleaji anayejua alumini; gundi huachia joto likipanda.

Baadaye lijaribu lori likiwa na mzigo, mlimani, kisha rudia kipimo cha sabuni. Baada ya siku chache za kupata joto na kupoa, mpira hukaa na klampu hulegea, kwa hiyo zikaze tena.