Jiko la Zamani Limechakaa: Tununue Lipi?

Katika nyumba nyingi za miji yetu jiko la bati halidumu. Joto na majivu hulila, chini hutoboka, miguu hulegea, na hatimaye mwenye nyumba hulazimika kwenda sokoni kutafuta jingine. Huko kwa desturi huuliza swali moja tu: bei gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba bei ya jiko ni sehemu ndogo ya gharama yake. Gharama iliyo kubwa zaidi ni ya mkaa wa kila siku, na ile isiyoonekana, yaani afya.

Kilo moja ya mkaa mkavu ina nishati ya megajuli 30 hivi, lakini si yote inayofika kwenye chakula. Bati hupitisha joto upesi na kulitoa hewani; ndiyo sababu ubavu wa jiko huunguza mkono. Katika jiko la namna hiyo, sehemu moja tu katika tano, takriban, huingia sufuriani. Udongo uliochomwa hupitisha joto polepole. Kwa hiyo jiko la bati lenye udongo huo kwa ndani huweza kufikisha sehemu tatu katika kumi. Majiko haya yalianza kuenea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga wazo la jiko la ndoo la Thailand.

Tufanye hesabu. Chukua nyumba inayotumia kilo 2 za mkaa kwa siku katika jiko la bati. Nishati yake ni megajuli 60, na zinazofika sufuriani ni 12. Kazi hiyo hiyo katika jiko la udongo huhitaji megajuli 40, yaani kilo 1.3 hivi. Kwa mwezi zimeokolewa kilo 20 za mkaa. Na kwa kuwa tanuri la kienyeji hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa, si chini ya kilo 100 za miti zimebaki msituni.

Gesi je? Kilo moja ina megajuli 46 hivi, na zaidi kidogo ya nusu huingia sufuriani. Nyumba yetu ya mfano ingetumia karibu nusu kilo kwa siku, hivyo mtungi wa kilo 15 ungetosha mwezi mmoja. Msomaji azidishe viwango hivi kwa bei za mtaani kwake, ndipo aamue.

Lakini lipo jambo lisilopimwa kwa shilingi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu aliyelala hufa bila kuamka. Jiko la udongo huokoa mkaa, bali haliondoi hatari hii. Lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata wakati wa baridi kali ya nyanda za juu.

Anayenunua jiko la udongo aligonge taratibu kwa kidole: udongo mzima hulia kama chungu kizima, wenye ufa hutoa sauti butu. Aangalie pia kama mlango wa hewa hufunga sawasawa, maana ndio unaopunguza moto maharage yakianza kutokota. Anayenunua jiko la gesi apake povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Asijaribu kwa kiberiti.

Kwa ufupi, mwenye uwezo wa kujaza mtungi kila unapokwisha achague gesi, kwa ajili ya mapafu ya wapishi na watoto. Asiye nao anunue jiko la udongo na kupikia penye hewa ya kutosha. Jiko la bati tupu, ingawa ndilo rahisi sokoni, ndilo ghali kuliko yote jikoni.