Saa ya Msafiri wa Miguu Hudanganya

Katika nchi kavu ya Garissa, Wajir na Mandera, kukadiria muda ni jambo la uhai. Mfugaji apelekaye ngamia wake kisimani hugawa maji ya kunywa kwa saa za njia. Akikosea hesabu hiyo, huenda akayamaliza maji kabla ya kufika, au akadhani kwamba amekwisha kukipita kisima, akaiacha njia iliyo sawa.

Kila mtu ajua kwamba saa moja ya mazungumzo kivulini hupita upesi, bali saa moja ya kubeba mzigo juani haiishi. Huo si uvivu. Mwaka 2024 Profesa Andrew Edwards wa Chuo Kikuu cha Canterbury Christ Church, Uingereza, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia watu 33. Watu hao waliendesha baiskeli zilizofungwa mahali pamoja, mwendo wa kilomita 4, wakatakiwa kukadiria sekunde 30 pasipo kutazama saa. Walipokuwa wakiendesha, walisema muda umetimia kabla haujatimia. Kabla ya zoezi na baada yake hawakukosea namna hiyo.

Huenda sababu ni taabu ya mwili. Moyo ukipiga mbio na misuli ikiuma, akili huyaangalia mambo hayo daima, na kila dakika huonekana ndefu. Joto nalo lina sehemu yake. Mwaka 1933 Hudson Hoagland wa Marekani aliandika kwamba mkewe, alipokuwa na homa, alihesabu sekunde upesi kupita saa; na homa ilipozidi, upesi nao ulizidi.

Ni kweli kwamba jaribio la baiskeli lilikuwa la muda mfupi, wala si safari ya kutwa. Hata hivyo lina onyo kwa msafiri. Anayetembea kwa taabu juani huweza kudhani amekwenda saa nzima, kumbe saa haijatimia, na kisima bado kiko mbele yake.

Basi yafaa kupima muda kwa kitu kisichochoka. Mwenye saa au simu na aiangalie. Asiye nayo na asimamishe fimbo yake, atazame kivuli. Watu wa Garissa wana elimu hiyo tangu zamani, kwa kuwa wakati wa sala ya alasiri hujulikana kwa urefu wa kivuli. Tena mji huo u karibu na ikweta, na mchana wake hulingana na usiku karibu mwaka mzima.

Zaidi ya hayo, msafiri aliyechoka asikate shauri la kubadili njia hali akihema. Kwanza na aketi chini ya mti, anywe maji kidogo, apumue mpaka moyo utulie. Ndipo atakapoweza kukadiria sawasawa amesafiri kwa muda gani.