Mswahili wa Nyanza-Lac ni Nani? Lugha na Utambulisho Maishani, Jukwaani na Mtandaoni

Utangulizi

Katika somo la isimujamii tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba lugha humtambulisha mtu. Mifano inayotolewa huwa ya namna moja: Mhaya huzungumza Kihaya, Mgikuyu huzungumza Kigikuyu, na kadhalika. Mifano hiyo ikipelekwa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, haitoshelezi. Makala hii inaeleza kwa nini haitoshelezi, na inapendekeza mambo machache kwa walimu wa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba utambulisho ni jambo ambalo mtu hulionyesha mbele ya msikilizaji fulani, na mara nyingi msikilizaji huyo ndiye anayeamua maana yake.

Kabila lisilo na lugha yake

Wahutu, Watutsi na Watwa wote huzungumza Kirundi. Hakuna Kihutu wala Kitutsi. Hata majina ya Kirundi hayasaidii sana, kwani kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa.

Pamoja na hayo, tofauti hiyo isiyosikika masikioni imegharimu maisha ya watu wengi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Waasi waliua Watutsi. Kisha jeshi la serikali lilifanya mauaji makubwa zaidi ya Wahutu katika nchi nzima, hasa waliosoma, wakiwemo walimu na wanafunzi. Makadirio mengi yanataja watu kati ya 100,000 na 300,000 waliouawa. Wengine kwa maelfu walikimbilia Tanzania, ambako walipewa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Baada ya vita vilivyoanza 1993, Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulifungua njia ya kulitaja kabila waziwazi badala ya kulificha. Katiba ya 2005 iliweka asilimia 60 ya Wahutu na asilimia 40 ya Watutsi katika serikali na Bunge, pamoja na viti vitatu vya Watwa. Katiba ya 2018 iliendeleza hesabu hiyo. Katika hesabu hiyo hakuna nafasi ya mtu anayejiita Mswahili. Je, huyo ni nani?

Mswahili wa ziwani

Kiswahili kilifika mwambao huu katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, na kikatumika pia katika utawala wa Wajerumani. Kiliota mizizi Rumonge, Nyanza-Lac, na katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura. Polepole neno "Mswahili" nchini Burundi likapata maana pana kuliko mzungumzaji wa lugha: Mwislamu, mtu wa mjini, mvuvi au mchuuzi ambaye asili yake inaweza kuwa Burundi, Kongo au Tanzania. Kwa baadhi ya Warundi neno hilo lina doa, yaani mjanja, mtu asiyeaminika. Kwa wengine limekuwa stara, kwa sababu anayejibu "mimi ni Mswahili" amejibu swali la asili bila kuingia katika mgawanyiko wa Mhutu na Mtutsi.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Tanzania magharibi mwaka 1985 na 1986 miongoni mwa wakimbizi wa 1972, na kitabu chake kikatoka 1995. Alilinganisha makundi mawili yaliyokimbia maafa yaleyale. Waliokaa Mishamo, mbali na miji, walishikilia sana Uhutu wao na ukimbizi wao, na walisimuliana historia yao mara kwa mara. Waliokaa mjini Kigoma walikwepa kuitwa wakimbizi, wakaoana na wenyeji na kujitambulisha kwa namna mbalimbali kulingana na mahali na mtu aliyeuliza. Kwa kuwa Kirundi na Kiha ni lugha zinazokaribiana sana, kujichanganya hakukuwa kugumu. Tunajifunza hapa kwamba asili moja inaweza kuzaa utambulisho wa aina mbili, kutegemea mtu anaishi mbele ya nani.

Mambo yalibadilika wakati wa kurejea. Kuanzia 2008 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa 1972 walirudi Burundi, na zaidi ya 160,000 waliobaki walikubaliwa kupewa uraia wa Tanzania. Waliofika Rumonge na Nyanza-Lac walikuta mashamba ya wazazi wao, mengine yakiwa ya michikichi, yanalimwa na watu wengine. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilipokea mashauri mengi kutoka mwambao huu. Katika Kirundi waliorejea waliitwa abahungutse. Wengi wao walizaliwa Tanzania na kusoma kwa Kiswahili. Mtoto aliyetamka "kulala" vizuri, akaamkia wazee kwa shikamoo, alitambulikana mara moja. Kirundi hakina sauti ya l, na ndiyo maana Mrundi anayejifunza Kiswahili husema "kurara". Kiswahili kilichomsitiri mzazi mjini Kigoma kikamtia mwana alama ya mgeni katika kilima cha babu yake, mahali ambapo kuonekana mgeni kulikuwa na uzito katika shauri la shamba.

Jukwaani

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha 1959, alifananisha maisha ya kila siku na jukwaa: kila mtu huonyesha sura fulani mbele ya hadhira, na huipumzisha nyuma ya pazia. Kwa wanafunzi wa fasihi, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inafafanua upande mgumu wa jambo hilo. Kinjeketile anatoa neno la Hongo linalounganisha makabila yaliyokuwa yakigawanyika. Baadaye anapolitilia shaka, watu wamekwisha kulichukua, na yeye hawezi tena kulirudisha. Sura aliyoivaa mbele ya hadhira imekuwa mali ya hadhira.

Nchini Burundi mfano mzuri ni mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kutayarishwa na Studio Ijambo kuanzia 1997, vita vikiendelea. Unahusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Redio haionyeshi nyuso wala vimo, vitu ambavyo dhana potofu za ukabila hutegemea. Msikilizaji anasikia Kirundi kilekile katika nyumba zote mbili. Ili ajue kabila la mhusika, lazima aambiwe au akisie, na akikisia anapata nafasi ya kujiuliza amekisia kwa kigezo gani.

Mtandaoni

Mtandao unafanana na redio kwa kuficha uso, lakini hadhira yake hujibu. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio kadhaa binafsi za Burundi zilishambuliwa na kufungwa, na mazungumzo mengi yakahamia WhatsApp, Facebook na Twitter. Waandishi wa SOS Médias Burundi walitoa habari kwa njia hizo bila kujitaja majina, kwa ajili ya usalama wao. Kwao jina lililofichwa lilikuwa kinga.

Hata hivyo, msomaji wa mtandaoni hachelewi kumpangia kabila mwandishi asiyemjua. Kwa kuwa jina la Kirundi halimwambii mengi, huangalia maoni: aliyesema hivi lazima awe wa kundi fulani. Mwenye jina la Asha au Juma hupewa Uswahili hata kabla maneno yake hayajasomwa. Lugha anayoichagua, Kirundi, Kifaransa au Kiswahili, nayo husomwa kama ushahidi. Kwa hiyo mtandao haukumpa mtu uhuru kamili wa kujitambulisha.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, insha ya "Mimi ni nani?" isimlazimishe mwanafunzi kutaja kabila. Aachwe achague atakachosema: kazi, dini, mtaa, timu au familia.

Pili, katika maigizo ya darasani, mwalimu asigawe nafasi kwa kufuata asili ya wanafunzi. Anayedhaniwa mgeni asipewe kila mara nafasi ya mgeni. Baada ya igizo, wahusika waulizwe maswali kwa majina ya wahusika, si kwa majina yao.

Tatu, l na r zifundishwe kama suala la matamshi. Maneno kama "acha Kirundi chako" au "hicho ni Kitanzania" yanamhukumu mtu, hayasahihishi sauti. Hali kadhalika "iko" inayosikika Bujumbura, yenye athari ya Kiswahili cha Kongo, ielezwe kuwa lahaja yenye historia, kisha mwanafunzi afundishwe umbo sanifu la mtihani.

Hitimisho

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kimeingizwa shuleni. Mara nyingi kinafundishwa kama lugha ya majirani. Kwa watu wa Rumonge na Nyanza-Lac ni lugha ya nyumbani, ya ukimbizini na ya kurejea, yote kwa pamoja. Mwanafunzi wa mwambao anapofungua kinywa darasani, amekwisha kusomwa na wengi kabla ya kufika kwetu. Inatupasa sisi walimu tumsikilize kwanza anachosema, ndipo tumsahihishe anavyokisema.