Kikosi bora cha kriketi cha Afrika Mashariki: nani achukuliwe kwanza?

Ukitaja Kombe la Dunia pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kila mtu anawaza soka. Lakini Juni 1975, mwezi uleule ambao reli ya TAZARA ilimaliza kutandikwa hadi New Kapiri Mposhi, Watanzania na Wazambia walikuwa Uingereza wakicheza timu moja katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume. Timu hiyo iliitwa Afrika Mashariki. Ilikuwa na wachezaji 14: saba wa Kenya, watatu wa Zambia, wawili wa Tanzania na wawili wa Uganda. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya.

Ilipoteza mechi zote tatu, tena kwa kipigo kizito. New Zealand ilipata mikimbio 309, na Glenn Turner peke yake akafunga 171 bila kutolewa. Sisi tukaishia 128. India ilituzuia kwenye 120, ikaifikia hesabu hiyo bila kupoteza hata wiketi moja. England ilitutoa wote kwa 94. Hata hivyo, historia ya kriketi ya siku moja ya ukanda wetu inaanzia hapo, na mtu anayetaka kuunda kikosi bora cha nyakati zote hana budi kuanza na majina hayo.

Mchezo wenyewe wa kuunda kikosi ni rahisi kuueleza. Marafiki wanne wanakaa, kila mmoja anachagua wachezaji 11 kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa hawezi kuchukuliwa tena. Zamu huenda na kurudi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu wa nne tena, wa tatu, wa pili, wa kwanza. Aliyeanza anapata bora wa wote, kisha anakaa akiangalia majina sita yakiondoka kabla zamu haijamrudia. Aliye wa mwisho anachukua wawili kwa mpigo, wa 4 na wa 5, kisha naye anasubiri hadi wa 12.

Wengi hukosea hapo. Huja na orodha ya wachezaji kuanzia bora hadi wa chini, wakaishuka jina moja baada ya jingine. Mfanyabiashara mzuri wa Tunduma haulizi tu bidhaa yake ni nzuri kiasi gani. Anauliza ng'ambo ya pili ya mpaka, Nakonde, kuna upungufu wa nini. Uteuzi wa zamu unataka macho hayohayo. Ukimwacha mtu huyu sasa, utakayempata zamu ijayo atakuwa chini yake kwa kiasi gani? Pengo hilo ndilo bei yake.

Kabla ya bei, lazima tukubaliane kuhusu mipaka. Ukiruhusu mahali pa kuzaliwa kuwa kigezo, milango inafunguka mno. Phil Edmonds aliyeichezea England alizaliwa Lusaka, Qasim Umar wa Pakistan alizaliwa Nairobi. Mfano unaoumiza kichwa zaidi ni wa baba na mwana: Don Pringle alivaa jezi ya Afrika Mashariki mwaka 1975, na mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi, akaichezea England hadi fainali ya Kombe la Dunia ya 1992. Derek alikuwa mchezaji mkubwa kuliko baba yake, hilo halina ubishi. Mimi namchukua Don na kumwacha Derek. Kikosi hiki ni cha watu waliouchezea ukanda huu au mojawapo ya zile nchi nne.

Sasa tuje kwenye uhaba. Mechi ya siku moja ina ova 50 kwa kila upande, na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 10. Kwa hiyo huwezi kuingia uwanjani bila warushaji watano. Timu yenye wapigaji sita, mlinda wiketi na warushaji wanne wa haja itaumia katika zile ova 10 zinazobaki. Ndiyo maana mchezaji kiraka, anayepiga na kurusha, ana thamani mara mbili: anakufungulia nafasi ya mtu mwingine.

Afrika Mashariki imetoa viraka wawili wa daraja la juu kabisa, wote Wakenya. Steve Tikolo alipata mikimbio zaidi ya 3,400 katika mechi za kimataifa za siku moja, na wiketi zaidi ya 90 juu yake. Thomas Odoyo alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza mechi za Test kufikisha mikimbio 1,500 na wiketi 100. Ukiwa wa kwanza, mchukue Tikolo bila kufikiri sana, kwa sababu wapigaji wetu wanaomfuata wako mbali naye. Ukiwa wa pili, mchukue Odoyo.

Baada ya hao wawili watu huanza kuvutana. Warushaji wa spini tunao wengi kiasi, ila mmoja ningemwahi mapema kwa ajili ya siku moja tu: Machi 15, 2003, Durban, Kenya dhidi ya Australia. Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, alikuwa na miaka 39 na alikuwa amerudi baada ya kustaafu. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 174 tu, na Australia ilikuwa inaikimbilia hesabu hiyo kwa kasi. Karim akapewa mpira. Hakuwa na mwendo wa kutisha. Alikuwa akiupandisha mpira polepole, unatua palepale kila mara, na mpigaji hapati upenyo wa kunyoosha mkono. Ricky Ponting akatoka, Darren Lehmann akafuata, kisha Brad Hogg. Hesabu yake ilipofungwa, mipira 50 ilikuwa imetoa mikimbio 7 na wiketi 3. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Takwimu za maisha yake yote ya uchezaji hazionyeshi ukubwa huo, na hapo ndipo ninapokataa kuongozwa na wastani peke yake.

Wastani una udhaifu mwingine: haulinganishi vizazi. Mwaka 1975 mechi ilikuwa ya ova 60, na wapigaji walicheza kwa subira kubwa. Dhidi yetu, Bishan Bedi wa India alirusha ova 12, nane kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Njia moja ya kuvuka tofauti hiyo ni kuangalia sehemu ya mpigaji katika jumla ya timu yake. Frasat Ali alipata 45 kati ya 128 dhidi ya New Zealand, yaani asilimia 35. Tikolo, katika nusu fainali ya 2003 dhidi ya India, alipata 56 kati ya 179, asilimia 31. Kipimo hiki nacho kina hila zake, maana wenzako wakianguka sehemu yako inapanda. Hata hivyo kinamtoa Frasat kwenye kivuli na kumweka mahali anapostahili, juu kabisa ya orodha ya wapigaji wanaofungua mechi.

Kuna jina moja ambalo lazima lijadiliwe kabla ya zamu ya kwanza. Maurice Odumbe ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mechi Kenya ilipoishangaza West Indies huko Pune, Februari 29, 1996: Kenya 166, West Indies 93, na yeye wiketi 3 kwa mikimbio 15. Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa kujihusisha na wacheza kamari. Mimi simchagui. Kikosi cha nyakati zote ni heshima tunayompa mtu, na heshima hiyo inahusu pia alivyoutunza mchezo. Ukiona tofauti, sema mapema, si baada ya rafiki yako kumchukua.

Kwa watu wa Songwe, mkoa wa Tunduma, ningependekeza sharti moja zaidi, maana wanaishi mlangoni pa nchi mbili kati ya zile nne: kila kikosi kiwe na angalau mchezaji mmoja kutoka kila nchi. Sharti hili linabadilisha bei zote. Watanzania waliocheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja ni wawili tu, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Waganda nao ni wawili, John Nagenda na Sam Walusimbi. Wachaguaji ni wanne, kwa hiyo hesabu haitoshi. Itabidi kupanua uwanja na kuhesabu mechi zote za ova 50 za ligi ya dunia, ikiwemo michuano ya daraja la nne iliyofanyika Dar es Salaam Oktoba 2008, ambayo Afghanistan iliishinda ikiwa safarini kuelekea ukubwa wake. Hapo wanaingia watu kama Hamisi Abdallah, aliyewahi kuwa nahodha wa Tanzania, na Frank Nsubuga wa Uganda.

Hata baada ya kupanua, mtu mmoja anabaki na bei ya kipekee: Praful Mehta. Mlinda wiketi bora wa ukanda huu ni Kennedy Otieno, aliyefunga 85 dhidi ya Australia mwaka 1996 na 144 dhidi ya Bangladesh mwaka 1997. Atachukuliwa mapema, na aliyemkosa ataanza kuhangaika. Praful Mehta hakupiga sana, lakini ni Mtanzania na ni mlinda wiketi: jina moja linajaza mapengo mawili, halafu Mtanzania wa pili wa 1975 hawezi kulinda wiketi. Wapinzani wako watamwona kama jina la zamu ya mwisho. Ningekuwa wa nne, ningeanza na Karim na Collins Obuya, aliyeiangusha Sri Lanka Nairobi mwaka 2003 kwa wiketi 5 kwa mikimbio 24, kisha nafasi ya 12 nimpe Frasat na ya 13 nimpe Mehta. P. G. Nana wa Zambia ningemwacha asubiri kidogo, kwa kuwa Wazambia wa 1975 ni watatu. Walusimbi nisingemwacha apite zamu inayofuata.