Ufunguo wa jirani usifungue tranka la mwanao

Mzazi wa Turwa ambaye mtoto wake amechaguliwa kwenda shule ya bweni huwa na orodha ndefu mkononi: godoro, shuka, ndoo, sare, madaftari, viatu. Tranka la bati hununuliwa kwa umakini. Baba hugonga mfuniko kwa vidole kusikiliza unene wa bati, mama hufungua na kufunga mara tatu kuona kama bawaba zinanyooka. Kufuli hununuliwa mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki, na aghalabu ni ile ndogo inayoning'inia karibu na muuzaji.

Wiki chache baadaye simu inapigwa kutoka shuleni. Sabuni hazipo, taulo za kike hazipo, pesa ya matumizi haipo. Kufuli haikuvunjwa, na tranka limekutwa limefungwa vilevile.

Hapo ndipo balaa huanza. Kwa kuwa hakuna kilichovunjwa, mtoto huambiwa alisahau kufunga, au hata kwamba anadanganya ili atumiwe pesa nyingine. Vinginevyo lawama humwangukia rafiki wa kitanda cha jirani, kwa sababu yeye ndiye aliyejua ufunguo unakaa wapi. Urafiki wa miaka unaweza kuvunjika kwa jambo ambalo chanzo chake ni chuma chenye ukubwa wa kiberiti.

Kwa nini funguo hufanana

Ndani ya kufuli kuna vipini vidogo vya chuma. Meno ya ufunguo huvinyanyua, kila kimoja kwa kimo chake, na vikikaa sawasawa kufuli hufunguka. Vipini vikiwa vichache, michanganyiko ya funguo nayo huwa michache.

Hesabu yake ni rahisi. Kufuli yenye vipini 3, kila kimoja kikiwa na vimo 4, inaweza kuwa na funguo za aina 64 tu. Bweni lenye wanafunzi 100 wenye kufuli za namna hiyo lazima liwe na watoto wanaoweza kufunguliana matranka. Kufuli yenye vipini 5, kila kimoja kikiwa na vimo 6, ina aina 7,776. Tofauti ni kubwa, ingawa kwa macho kufuli hizo mbili zinaweza kufanana kama mapacha.

Tena kufuli za bei ya chini sana huwa zimelegea ndani. Ufunguo usio wake ukitikiswa kidogo unaweza kuzungusha.

Hata magari ya kifahari yana shida hii

Asidhani mtu kwamba tatizo hili ni la wanyonge pekee. Kuna magari makubwa ya matembezi yenye vitanda, jiko na choo ndani, ambayo familia za Marekani husafiri nayo kwa miezi. Ubavuni, kwa nje, yana visanduku vya kuwekea zana, viti na mipira ya maji. Kwa miaka mingi viwanda vingi vilifunga kwenye visanduku hivyo vitasa vya aina moja, vinavyofunguliwa na ufunguo wenye namba CH751. Mwenye gari moja aliweza kufungua visanduku vya mwenzake aliyeegesha kando. Ndiyo maana wamiliki wengi wakishanunua gari, kazi ya kwanza ni kung'oa vitasa hivyo na kuweka vingine.

Masanduku ya wasafiri wa ndege nayo yana kisa chake. Marekani ina kufuli maalumu ambazo maofisa wa usalama wa viwanja vya ndege huzifungua kwa funguo zao za jumla. Mwaka 2014 picha ya funguo hizo ilitokea gazetini, na mwaka uliofuata watu waliweza kutengeneza nakala zake. Funzo kwa mzazi ni kwamba picha ya ufunguo inatosha kuuchonga mwingine. Mtoto anapopiga picha ya vifaa vyake vipya na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp, ufunguo usionekane.

Namna ya kuchagua

Mwombe muuzaji atoe kufuli tatu au nne za aina ileile. Chukua ufunguo wa moja ujaribu kwenye nyingine. Ukifungua hata moja, achana na aina hiyo. Angalia pia namba iliyogongwa kwenye ufunguo. Funguo zenye namba moja huwa ni ufunguo mmoja. Kisha vuta kufuli ikiwa imefungwa. Ikicheza sana, itachakaa mapema.

Kufuli nzuri kwenye tranka bovu haisaidii. Tazama kibati kinachoshikilia kufuli. Mara nyingi kimegongwa kwa ribiti mbili laini ambazo bisibisi inaweza kuzing'oa. Fundi wa bati anaweza kuzitoa na kuweka bolti zenye kichwa cha mviringo kwa nje, nati na washa vikiwa ndani. Bolti za namna hiyo hazifunguki mpaka mfuniko uwe wazi. Bawaba za nyuma zifanyiwe vivyo hivyo.

Kabati na droo za nyumbani

Nyumbani kuna jambo kubwa kuliko sabuni. Familia nyingi za Tarime hulima kahawa, mahindi na mboga, na dawa za kunyunyizia shambani huhifadhiwa kwenye kabati au sanduku. Vidonge vya wazee navyo hukaa kwenye droo. Kitasa kilichokufa hapo ni hatari kwa mtoto mdogo.

Kitasa kidogo cha kabati au droo mzazi anaweza kukibadilisha mwenyewe:

1. Fungua mlango, kisha kwa ndani legeza skrubu inayoshika ulimi wa kitasa. Toa ulimi.
2. Fungua nati kubwa kwa spana, uvute kitasa kwa mbele.
3. Pima upana wa tundu, unene wa mbao au bati, na urefu wa ulimi. Afadhali zaidi, nenda dukani na kitasa cha zamani mkononi.
4. Angalia ufunguo ulikuwa unazunguka robo au nusu mzunguko, na kipya kiwe hivyohivyo.
5. Funga kipya, kaza nati bila kupitiliza, kisha jaribu ufunguo mara kadhaa mlango ukiwa wazi kabla ya kuufunga.

Kitasa kikiwa kigumu kwa vumbi, usimimine mafuta ya kula. Yatashika vumbi zaidi. Saga ncha ya penseli, paka unga wake mweusi kwenye ufunguo, uingize na kutoa mara kadhaa.

Tranka tupu lililobaki nyumbani nalo lifungwe kwa kufuli au lijazwe vitu. Watoto wakicheza kujificha, mdogo anaweza kuingia ndani, komeo likaanguka kwa nje, na hewa humo ni kidogo.

Ufunguo wa pili

Kufuli nyingi huuzwa na funguo mbili au tatu. Mtoto abaki na mmoja, ikiwezekana kwenye kamba shingoni. Mwingine apewe mlezi wa bweni ndani ya bahasha yenye jina, na wa tatu ubaki nyumbani. Zote zikikaa kwenye pete moja, zinapotea pamoja. Mtoto mwenye pumu asifungie dawa yake tranka kwa kufuli. Iwe mfukoni au kwa mlezi, mahali inapofikika haraka usiku.

Na ikitokea vitu vimepotea bila kufuli kuvunjwa, mzazi aombe jambo moja kabla ya jina la mtoto yeyote kutajwa: mwalimu akusanye funguo za bweni zima na kuzijaribu kwenye kufuli ile. Zikipatikana tatu au nne zinazofungua, kufunguka kwa tranka hakuwi tena ushahidi dhidi ya mtoto mmoja. Mzazi anunue kufuli nyingine, na yule rafiki wa kitanda cha jirani asihukumiwe kwa sababu tu alikuwa karibu.