Barabara ya Gulu na Wenzetu Waliovua Magwanda

Kutoka Kampala hadi Gulu ni mwendo wa kilomita zipatazo 330. Dereva wa basi huumaliza kwa saa tano au sita. Askari mwenye marafiki njiani atahitaji siku tatu, tena kama atakataa nusu ya vyakula atakavyoandaliwa.

Nilipata likizo fupi mwezi wa Februari, baada ya sherehe za Tarehe Sita, siku ambayo jeshi letu hukumbuka shambulio la mwaka 1981 juu ya kambi ya Kabamba. Ni katika Kabamba hiyo hiyo nilipopata mafunzo ya ukadeti, na kwa hiyo niliona yafaa likizo itumike kuwatafuta walionifundisha na wale niliotumikia nao.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bombo. Wengi wetu tunaijua Bombo kwa makao makuu ya Jeshi la Nchi Kavu na kwa hospitali ya kijeshi. Mji wenyewe, hata hivyo, ni wa Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Lugard aliwaandikisha katika utumishi wake mwaka 1891. Huko anaishi sajini meja mstaafu aliyetufundisha kwata. Alilitazama tumbo langu kabla ya kunitazama usoni. "Afande," akasema, "siku hizi unapiga kwata kwa kalamu?" Wanawe wakacheka, nami sikuwa na la kujibu.

Mzee huyu anaishi vizuri, na sababu yake si siri. Kiinua mgongo chake kilipotoka alijenga vyumba vitatu vya kupangisha kabla jamaa hawajafika na shida zao. "Walipofika," alisema, "niliwaonyesha matofali." Wapo wenzetu wengi, askari na polisi, ambao fedha hizo ziliwaishia katika mwaka mmoja kwa gari bovu na arusi za watu wengine. Kabla sijaondoka alinikabidhi mkeka uliofungwa kwa kamba, niupeleke kwa bintiye aliye konstebo wa polisi huko Bweyale.

Luweero nilipita haraka, nikanunua mananasi tu. Mbele ya Nakasongola nyasi zilikuwa zimeungua na ng'ombe walikuwa wakitafuta maji. Kiangazi cha huko hakina huruma. Nikavuka mto Kafu jua likiwa utosini.

Bweyale iko jirani na makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, ambako wengi ni watu wa Sudan Kusini. Nilimkuta konstebo yule zamuni. Alipopangiwa kazi pale hakujua kwamba lugha ya nyumbani kwao ingemfaa kuliko bunduki. Kinubi na Kiarabu cha Juba ni lugha za karibu mno. Alinisimulia habari za bibi mmoja aliyeletwa kituoni kwa ugomvi wa kisimani. Bibi alikuwa akipiga kelele, na kila afisa akidhani anatukana. Konstebo akamsalimu kwa Kinubi. Kumbe bibi alikuwa akitaja majina ya wajukuu zake waliopotea katika msongamano ule. Wajukuu wakapatikana, na ugomvi ukaisha bila kuandikwa kitabuni. Mkeka aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa.

Kutoka hapo ni Karuma, na Karuma haina haja ya maelezo mengi kwa askari. Daraja lile la mwaka 1963 lilifungwa miezi ya mwisho ya mwaka 2024 kwa matengenezo, sasa linapitika. Karibu nalo kuna mitambo ya umeme ya megawati 600, iliyozinduliwa Septemba mwaka huo huo. Nyani wako vile vile kando ya barabara, wakidai kodi ya ndizi.

Kamdini nilimpitia koplo ambaye aliachishwa utumishi kwa sababu ya mguu alioumia Somalia, nchi ambayo majeshi yetu yaliingia Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Siku hizi ni fundi wa pikipiki, na vijana wa bodaboda humheshimu. Nilimweleza kwamba ninakwenda Gulu kumwona mjane wa luteni mmoja, mwenzangu wa Kabamba. Koplo akainamia spana yake. Luteni yule alikuwa kamanda wake. Bomu lililofukiwa barabarani lililipua gari lao, na dereva wa gari hilo alikuwa koplo mwenyewe. Kutoka Kamdini hadi kwa mjane ni mwendo wa saa moja hivi. Hakuwa amekwenda hata mara moja.

Sikumwamuru, maana si askari tena. Nilikaa, nikanywa chai. Baadaye aliosha mikono, akavaa shati safi, akapanda gari.

Shemeji yetu anakaa nje kidogo ya mji, katika nyumba ya matofali aliyoijenga kwa fidia. Kuhusu fidia hakuwa na lalamiko. "Walikuja maafisa na jeneza na bendera," alisema, "wakaondoka siku ile ile. Aliyekuwa naye hakuja hata mmoja."

Koplo alisimama wima kama yuko mbele ya kamanda. "Shemeji, mimi ndiye niliyeshika usukani."

Yeye ni Mlangi na shemeji ni Mwacholi. Walizungumza kwa muda, kila mtu kwa lugha yake, wakielewana. Kisha, kwa ajili yangu, walirudi kwenye Kiswahili. Nilidhani shemeji angeuliza habari za bomu. Aliuliza, "Asubuhi hiyo alikula?"

"Alikula. Chai na chapati mbili. Ya pili aliimalizia garini."

Shemeji akacheka, huku machozi yakimtoka. "Hata hapa alikuwa hivyo," akasema. "Hakuwahi kumaliza chakula mezani."

Chini ya mwembe kulikuwa na pikipiki ya marehemu, ambayo haikuwashwa tangu msiba. Koplo aliizunguka mara mbili, akauliza kama nyumbani kuna spana. Nilipoaga, yapata saa kumi, alikuwa amekwisha kuifungua kabureta, na mtoto wa kiume amemshikia kopo la petroli. Aliniambia nitangulie tu. Yeye atarudi Kamdini kwa basi.